Nchi iliyofutwa hewani Juni 1, 1974

Leo nina stori ndefu kidogo, kwa hiyo aliye ofisini ajifanye anasoma ripoti, na aliye nyumbani atafute kahawa.

Kuna orodha moja ya nchi za dunia ambayo Zanzibar ilikuwemo mpaka Mei 31, 1974. Rudieni kusoma hapo. Siyo 1964, ni 1974. Miaka kumi baada ya Mzee Karume na Mwalimu Nyerere kutia saini Hati za Muungano, na miaka miwili baada ya Mzee Karume kuuawa, walikuwepo watu wengi duniani ambao kwenye madaftari yao Zanzibar na Tanzania zilihesabiwa nchi mbili. Ukiipata moja, bado unadaiwa nyingine.

Orodha hiyo haikuwa ya Umoja wa Mataifa wala ya chama chochote cha siasa. Ilikuwa ya watu wanaocheza na redio.

Nieleze kwanza, maana najua wengi wetu redio tunaijua kwa taarab na mpira tu. Redio ya ridhaa ni kama mpira wa ridhaa, hakuna anayelipwa. Mtu anafanya mtihani, anapewa leseni na serikali yake, anafunga mtambo chumbani na antena juu ya bati, halafu anaita hewani, kwa sauti au kwa vidoti na vistari vya Morse, kuona nani ataitika. Akiitikiwa na mtu wa Brazili au Japani wanapeana majina, wanaambiana wanasikika vipi, basi. Baadaye wanatumiana kadi kwa posta kuthibitisha kwamba kweli walisikilizana. Kuongea na watu wa mbali wenyewe wanakuita DX, na kuna walioimaliza mishahara yao na hata ndoa zao kwa ajili ya hiyo DX.

Sasa binadamu ni binadamu, hawezi kucheza bila kuhesabu. Mwaka 1935 Mmarekani mmoja, Clinton DeSoto, aliandika kwenye jarida la chama chao cha ARRL akiuliza swali ambalo kwa nje linaonekana la kitoto: nchi tunazihesabuje? Jibu lake lilikuwa kwamba eneo lolote lililo peke yake kijiografia au kisiasa lihesabiwe kuwa nchi. Mwaka 1937 chama hicho, ambacho makao yake yako Newington katika jimbo la Connecticut, kikaanzisha tuzo kwa yeyote atakayethibitisha kuongea na nchi 100. Vita Kuu ya Pili ikasimamisha kila kitu, na ilipokwisha wakaanza upya kutoka sifuri, wakihesabu mawasiliano ya kuanzia Novemba 15, 1945 tu.

Kila nchi hewani ina herufi zake za mwanzo, kama namba za gari. Enzi za Mwingereza, Afrika Mashariki yote ilianza na VQ. Kenya VQ4, Uganda VQ5, Tanganyika VQ3. Na Zanzibar? VQ1. Namba moja, wadau. Naomba watu wa bara wasinikasirikie, sikuipanga mimi.

Kwa mtu wa Ohio au wa Osaka mwaka 1958, VQ1 ilikuwa almasi. Nchi yenyewe visiwa, wenye mitambo kisiwani wa kuhesabu kwa vidole. Na mwaka huo, kwa bahati, jua lilikuwa na wazimu.

Hapa inabidi tuingie darasani kidogo. Kiswahili chetu kina neno masafa kwa umbali, na hilohilo tunalitumia kwa pale redio inapopatikana kwenye bendi. Kwa hawa jamaa maana hizo mbili kweli hazitengani. Mawimbi ya masafa mafupi hayatambai na ardhi mpaka Ulaya. Yanapaa, yanafika kwenye tabaka la ionosfea lililo kilomita mia mbili, mia tatu na zaidi juu yetu, yanapindishwa, yanarudi chini mbali kabisa. Ndiyo maana mtu wa Tanga anaweza asikusikie kabisa na mtu wa Roma akakusikia kama umekaa naye barazani. Mawimbi yamemruka wa Tanga. Nguvu ya tabaka hilo inatokana na jua, na jua lina msimu wake wa miaka 11 hivi. Likiwa na madoa mengi, ionosfea inanenepa na hata watti chache zinavuka bahari. Kilele cha 1957 na 1958 ndicho kikubwa kuliko vyote tangu watu waanze kuyahesabu madoa hayo.

Na sisi tumezungukwa na maji ya chumvi. Hili wenyewe wanalijua sana: maji ya bahari ni njia nzuri mno kwa mawimbi yanayoondoka chini chini kuelekea upeo wa macho, na hayo ndiyo yanayofika mbali zaidi. Antena ya kawaida tu ufukweni Shangani inaweza kuishinda antena ya gharama iliyo katikati ya bara.

Lakini kuwa adimu kuna adhabu yake. Kituo kimoja cha Zanzibar kikisikika, wanaokiita hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kwa mamia, wote kwa pamoja, wote mahali pamoja kwenye bendi. Fikiria boti ya mwisho pale Malindi mkesha wa Iddi, kila mtu ana tiketi na kila mtu anapiga kelele. Ndivyo inavyokuwa. Mwenye mtambo wa kisiwani hasikii jina hata moja, anasikia ngurumo tu. Dawa waliyoigundua ni kwamba yeye anasemea mahali pamoja na kuwasikiliza mahali pengine, ili angalau wasimzibe yeye mwenyewe. Wapo wasiosikiliza maelekezo, wanaendelea kumwitia juu ya sauti yake. Na wapo wanaofanya makusudi, kwa roho mbaya tu. Ugomvi wa kuingiliana hewani ni mkongwe sawa na redio yenyewe.

Mwingiliano wa namna hii hauhitaji leseni wala mtihani. Wenzetu wa Marekani mwaka 1958 walifungua masafa ya megahezi 27 kwa wananchi wa kawaida, hizo redio za CB ambazo madereva wa malori walizipenda sana miaka ya 1970. Zilikuwa za kuongea na jirani, watti 4 tu, na kuanzia Januari 1, 1977 zikapewa chaneli 40. Sheria yao ilimkataza mtu kuongea na kituo kilicho zaidi ya kilomita 250, na katazo hilo halikuondolewa mpaka 2017. Sheria ikakataza, jua likaruhusu. Kila kilele cha jua watu wa CB wa mabara tofauti walikuwa wakikanyagana, na mwenye kutaka kumwuliza jirani bei ya mafuta anajibiwa na mtu asiyemjua kwa lugha asiyoijua.

Hili nimelishuhudia mwenyewe. Kilele kingine kilikuja 2000 hadi 2002, mimi niko skuli ya msingi, na mjomba akatuletea kutoka Dubai redio mbili za plastiki za kuchezea, zile za kubonyeza na kusema. Mimi Vuga, binamu yangu nyumba ya tatu. Jioni moja badala ya binamu akaingia mwanamme anaongea haraka haraka, kama Mtaliana hivi, halafu wa pili, halafu wakazama wote kwenye mvumo. Nilimkimbilia bibi. Bibi akasema ni mashetani wa Kizungu, nizime. Baadaye fundi mmoja wa redio Mlandege akanicheka mpaka akatoa machozi: "Mwanangu, hicho kidude chako kiko megahezi 27. Hao ni watu wazima wana antena juu ya paa, na wewe umewaingilia barazani kwao."

Tuache hayo, turudi kwenye nchi.

Desemba 10, 1963 Zanzibar ikapata uhuru wake. Desemba 16 ikapokelewa Umoja wa Mataifa, siku moja na Kenya. Januari 12, 1964 yakaja Mapinduzi. Aprili 26 Muungano. Ukihesabu, kiti chetu New York kilidumu miezi minne na siku kumi. Kuna watu wana mabegi ya nguo waliyoyatumia muda mrefu zaidi.

Kwenye redio mambo yakaenda tofauti. Zile VQ zilikuwa za Mwingereza, zikabadilika. Kenya ikawa 5Z4, Uganda 5X5, Tanganyika ikachukua 5H3. Zanzibar ikawa 5H1, namba ileile moja lakini sasa ndani ya herufi za Tanzania. Yaani kwa shirika la kimataifa linalogawa herufi, tulikwisha ungana. Lakini kwa orodha ya Newington kubadilisha herufi hakujaleta tofauti yoyote. VQ1 au 5H1, iliandikwa Zanzibar, ikahesabiwa moja.

Unaweza kuuliza, miaka hiyo ya baada ya Mapinduzi nani alikuwa hewani kutoka Unguja hata orodha iwe na maana? Swali zuri, na ndipo stori inapokuwa nzito kidogo.

Kisiwa hiki kilikuwa kimekwishajifunza kuogopa antena. Mwaka 1960 Wamarekani walianza kujenga Tunguu kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wao wa Mercury, kimoja kati ya vituo 18 duniani. Afrika vilikuwa viwili, Kano kule Nigeria na hapa kwetu. Hizbu na vijana wake wakaandamana kukipinga, hofu ikiwa kwamba ni kambi ya maroketi na kwamba Mrusi atatulipua. Tunguu haikurusha roketi hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Februari 20, 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, sauti yake ilipokelewa hapo Tunguu, na madaktari wakayafuatilia mapigo ya moyo wake wakati akipita juu yetu kuelekea Bahari ya Hindi. Kila kituo kilimpata kwa dakika chache tu, kisha anazama upande wa pili wa upeo.

Mimi hapa huwa nasimama kidogo. Chombo cha Glenn kilikuwa na redio mbili za sauti, na moja ilikuwa kwenye masafa mafupi, megahezi 15.016. Mitabendi 19 ambayo BBC na Cairo walikuwa wakitangazia inaanzia megahezi 15.1. Ni unywele mmoja kwenye kitufe cha redio. Mtu wa Ng'ambo mwenye redio nzuri, akitafuta Sauti ya Cairo wakati ule, angeweza kuukosea mkono kidogo tu akamsikia mtu anayeongea kutoka angani.

Halafu Januari 1964. Mapinduzi yale yalifika kwenye kila nyumba kwa redio. Kituo cha Raha Leo kilipotekwa, sauti ya John Okello ndiyo iliyoingia majumbani, na wazee wetu mpaka leo wanaikumbuka kwa mtetemo wake kuliko kwa maneno yake. Kwa waliokuwa madarakani baada ya hapo somo lilikuwa wazi kabisa: mwenye mtambo ana nchi. Wamarekani wengi waliondolewa kisiwani siku ya pili yake kwa manowari USS Manley. Aprili, mwezi uleule wa Muungano, Tunguu ikaamriwa ifungwe, mitambo ikafungashwa ikaondoka.

Miezi tisa baadaye tukapata kisa kingine cha hewani, hiki cha simu. Januari 1965 serikali iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar na Robert Gordon aliyekuwa Dar es Salaam, baada ya mazungumzo yao ya simu kunaswa. Kwa maelezo ya Carlucci mwenyewe, walikuwa wanashauriana namna ya kuishawishi Washington itume salamu za kutimia mwaka mmoja wa Mapinduzi, wakasema wanahitaji silaha nzito zaidi, kwa maana ya hoja. Aliyekuwa akisikiliza akaelewa silaha. Carlucci akaja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani mwaka 1987, nadhani huko silaha alizipata za kutosha.

Kwa mazingira hayo, raia kuomba leseni aweke mtambo wa kuongea na Wazungu usiku chumbani kwake lilikuwa jambo la kumtafutia mtu balaa. Kwa hiyo mnaona kinaya chake. Kadiri kisiwa kilivyonyamaza, ndivyo Zanzibar ilivyozidi kuwa adimu kwenye orodha. Kadiri ilivyokuwa adimu, ndivyo walivyoihitaji zaidi huko Ohio. Nchi ambayo haipo tena kwenye ramani, haina kiti New York, na karibu haisikiki, ikawa inatafutwa kama dhahabu.

Ikafika 1974. Kuanzia Juni 1 mwaka huo, ukiongea na Unguja au Pemba unahesabiwa umeongea na Tanzania. Ukisoma kanuni zao utaelewa mantiki yake. Kisiwa kinaweza kuhesabiwa peke yake kikiwa mbali sana na nchi mama, mamia ya kilomita. Sisi na bara tunatenganishwa na kilomita 40 hivi za maji, usiku unaweza kuona mwanga wa Dar. Kijiografia tulikuwa hatuna kesi. Kisiasa, mbele ya dunia, serikali ilikuwa moja. Zanzibar ikahamishiwa kwenye orodha ya pili, ile ya zilizofutwa, ambako mpaka leo imeandikwa na tarehe yake ya kufa, pamoja na nchi nyingine nyingi zilizomezwa, zilizogawanyika au zilizobadilishwa.

Angalieni kitu kimoja hapa, ndicho kilichonifanya niandike. Aliyeongea na Tanganyika ya VQ3 mwaka 1955 hakupoteza chochote. Tanganyika yake iligeuka Tanzania, ikaendelea kuhesabiwa kwenye orodha ya nchi zilizo hai. Aliyeongea na Zanzibar ya VQ1 mwaka huohuo ana kadi ya marehemu. Wote mnalijua lile lalamiko la miaka nenda rudi kwamba Tanganyika imevaa koti la Muungano. Wale mabwana wa Connecticut hawakujua lolote kuhusu koti. Walikuwa wanapanga hesabu za mchezo wao. Lakini wakaandika kilekile ambacho watu wetu wanakibishania Jaws Corner kila siku ya Mungu: mmoja aliendelea kwa jina jipya, mwingine akafutwa.

Mtaniambia ni mchezo tu wa watu wenye muda. Sawa. Lakini na mpira je? Machi 2017 CAF ilituingiza kuwa mwanachama wa 55, watu wakapiga honi mjini. Julai mwaka uleule CAF hiyohiyo ikatutoa, ikisema nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Pinda aliposema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, kisiwa kizima kilichemka, na mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa iseme wazi kwamba ni nchi. Kila orodha ina jibu lake, na kila jibu lina watu wanaofurahi au kununa kweli kweli. Hata kwenye simu za mezani, Dar ni 022, Arusha 027, sisi 024. Kwa simu sisi ni kanda.

Na hilo la simu halikuja kwa bahati. Fungueni Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Muungano muangalie orodha ya mambo ya Muungano. Bandari, usafiri wa anga, posta na simu zimo tangu siku ya kwanza, 1964. Kwa hiyo mtu wa redio ya ridhaa anayetaka kusema kutoka Nungwi leseni yake inatoka TCRA, taasisi ya Muungano. Utangazaji, lakini, haumo. Ndiyo maana sisi tuna redio yetu ya serikali na tuna Tume yetu ya Utangazaji. Yaani kituo ni cha Zanzibar, lakini masafa kinachotangazia yanasimamiwa kutoka Dar. Mimi sijui mwanasheria gani angeweza kuueleza Muungano kwa ufupi kuliko hivyo.

Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1970, wakati Zanzibar inakaribia kufutwa kwenye orodha, sisi ndio tuliokuwa na televisheni, tena ya rangi, ya mwanzo Afrika kusini mwa Sahara. Bara ilingoja mpaka 1994. Waliokuwa na seti Dar es Salaam walikuwa wakizielekeza antena zao kwetu. Mawimbi hayakusoma Hati za Muungano.

Na kuna mahali pengine ambapo jina halikufutika. Pale Dole, nje kidogo ya mji, palikuwa na mtambo wa masafa mafupi wa kilowati 50. Kwa miaka mingi sauti yetu, kwanza Sauti ya Tanzania Zanzibar na baadaye ZBC, ilirushwa kutoka pale kwenye kilohezi 11735. Ilikusudiwa Pemba na ndugu zetu wa mwambao. Lakini mnaikumbuka ionosfea. Wasikilizaji wa Finland, Japani na Marekani waliikamata, wakarekodi taarab yetu ikipanda na kushuka ndani ya mvumo, wakaandika barua kuomba kadi. Saa tatu usiku kwa saa zetu palikuwa na habari za Kiingereza kutoka Spice FM, na kwa watu wa masafa marefu dakika zile kumi zilikuwa kama mwezi mwandamo, kila mmoja anatega sikio aone nani ataipata.

Tatizo ni kwamba kilohezi 11735 hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na redio ya kidini ya Kiprotestanti kutoka kusini ya Brazili, Rádio Transmundial, palepale. Usiku mwingine msikilizaji wa Ulaya alipata qasida na mahubiri ya Kireno kwa pamoja, moja juu ya nyingine, na kama hali ya hewa ya juu imekaa sawa, hakuna anayemshinda mwenzake. Nimesikiliza rekodi kadhaa za namna hiyo. Kuna moja ambapo mtangazaji wetu anaanza kusema jina la kituo, Mbrazili anapanda, na neno pekee linalotoka safi ni "Zanzibar".

Siku hizi wenye redio za ridhaa wanakuja wenyewe. Wajerumani, Wataliana, Wacheki, wanakodi chumba Jambiani au Nungwi, wanafunga waya kwenye mnazi, wanaita kwa 5H1 wiki nzima huku mke yuko ufukweni. Hawatafuti nchi tena. Kuna mpango mwingine wa visiwa, ulioanzishwa na Mwingereza Geoff Watts mwaka 1964 (ndiyo, 1964, msinitazame hivyo), ambao unagawa namba kwa visiwa vya dunia. Humo Unguja ni AF-032. Pemba wamepewa namba yao wenyewe, AF-063. Sisemi kitu.

Ninachotafuta mimi ni kadi. Kadi ya VQ1, au ya 5H1 ya kabla ya Juni 1974. Najua Ulaya na Marekani zimo nyingi kwenye maboksi ya viatu, na wenye nazo wanakufa kwa uzee, watoto wao hawajui ni nini wanatupa. Lakini kila mawasiliano yana pande mbili. Aliyekuwa upande huu, Shangani au Mazizini au Wete, naye alitumiwa kadi kutoka kila pembe ya dunia. Kama nyumbani kwenu kuna kasha la mzee aliyefanya kazi kwenye simu au kwa Mwingereza wa simu, mle kwenye jengo la zamani la simu za nje ambalo leo ni hoteli ya Serena, hebu lifungueni kabla ya mchwa. Mkiona kadi ndogo yenye herufi kubwa na jina la mji msioujua, nipigieni picha mnitumie. Majina ya familia siyachapishi mtu asipotaka.